KAMA, -KI-, -NGE- NA "IF": JINSI MASHARTI YANAVYOTUTEGA

Hebu soma sentensi hii polepole: "If I would have known, I would have come." Je, ina kasoro yoyote? Wanafunzi wengi watakuambia kwamba i sawa kabisa, tena watashangaa kwa nini umeuliza. Mwalimu wa Kiingereza naye atachukua kalamu yake nyekundu na kuikata bila huruma. Sasa soma hii: "Ningalijua, ningalikuja." Hapo mwalimu wa Kiswahili atatikisa kichwa kwa kuridhika na kukupa alama zako. Maana ya sentensi hizi mbili ni ile ile. Hata mpangilio wake unafanana. Kwa nini basi moja ituzwe na nyingine ikatwe?

Jibu langu ni hili: ile sentensi ya kwanza ni Kiswahili kilichovalishwa suti na tai. Aliyeiandika hakuwa mzembe, la hasha! Alikuwa amefikiri kwa Kiswahili safi, akabadilisha neno moja moja, akajikuta mtegoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha mtego huo uko wapi na jinsi ya kuuruka.

Huenda mtu akauliza, jarida la Chama cha Kiswahili lina haja gani na "if" ya Waingereza? Haja ipo, tena kubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Sisi tulio hapa Kaaga huamka na Kimeru, tukaingia darasani na Kiingereza, tukatoka kwenda kwa mjadala wa chama na Kiswahili. Lugha zote hizo hulala katika kichwa kimoja, na wakaao pamoja hawakosi kuazimana nguo. Tena, ni rahisi zaidi kuielewa lugha ya mgeni ukianza na yako.

Mvua tatu

Sentensi ya masharti ina vishazi viwili. Kimoja hubeba sharti, cha pili hubeba tokeo. Jambo hili halifanyiki bila lile kutangulia. Mpaka hapo lugha zote mbili zinakubaliana.

Sasa tumchukue mkulima wetu wa hapa Meru. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wengi wanazozitegemea. Basi mkulima huyu aweza kusema mambo matatu kuhusu mvua moja:

Mvua ikinyesha, nitapanda maharagwe.
Mvua ingenyesha, ningepanda maharagwe.
Mvua ingalinyesha, ningalipanda maharagwe.

Anaposema ile ya kwanza yuko mlangoni, jembe mkononi, na mawingu yanajikusanya juu ya mlima. Hajui kama itanyesha, lakini mlango wa matumaini u wazi. Anaposema ya pili jua linawaka, ameketi chini ya mgrevilia, anawaza tu. Mlango umerudishwa, ila haujafungwa kwa kufuli. Anaposema ya tatu ni Januari, msimu umeshapita, mbegu bado zimo guniani. Hapo mlango umefungwa na ufunguo umetupwa katika mto Kathita! Hakuna awezaye kuurudisha mwezi wa Oktoba.

Kwa hiyo -ki-, -nge- na -ngali- si mapambo. Ni vipimo vya umbali kati ya msemaji na ukweli wa mambo. -ki- iko karibu, -nge- iko mbali, -ngali- iko ng'ambo ya mto usio na daraja. (-ngeli- ni ndugu ya -ngali-, na wengi huitumia kwa maana ile ile. Chagua moja katika insha yako ukae nayo.)

Mwingereza naye husema hivi: "If it rains, I will plant beans." Kisha, "If it rained, I would plant beans." Na ya mwisho, "If it had rained, I would have planted beans."

Tazama vizuri upande wa sharti, yaani upande wa "if". Mwingereza hana silabi kama zetu za kupima umbali. Afanyeje basi? Huazima nyakati. Katika sentensi ya kwanza anazungumzia kesho, lakini kitenzi chake ni cha leo: "rains". Katika ya pili anazungumzia leo, lakini kitenzi chake ni cha jana: "rained". Katika ya tatu anazungumzia jana, na kwa kuwa jana imeshatumiwa, inambidi aende nyuma ya jana: "had rained". Kila mara anarudi nyuma hatua moja. Ukiyakumbuka maneno haya matatu, hatua moja nyuma, umeshapata nusu ya somo hili. "Rained" hapo haina maana kwamba mvua ilinyesha. Ina maana kwamba haipo na inatamaniwa. Wakati uliopita umegeuzwa kuwa kipimo cha umbali, kama vile sisi tunavyotumia -nge-.

Mahali Kiswahili kinapotusaidia

Kosa la kwanza ambalo walimu wa Kiingereza hulilalamikia ni "If it will rain, we will not play." Wengi husema kosa hili limeletwa na Kiswahili. Mimi nasema limeletwa na neno "kama", na Kiswahili kimesingiziwa bure.

Katika mazungumzo sisi husema, "Kama mvua itanyesha, hatutacheza." Sentensi hiyo inaeleweka, wala siilaumu. Lakini ina -ta- mbili, moja kila upande, na mwandishi anapoitafsiri anaweka "will" mbili. Sasa iondoe "kama", utumie kiambishi chetu chenyewe: "Mvua ikinyesha, hatutacheza." Je, iko wapi -ta- ya upande wa sharti? Haipo! Wala hakuna Mswahili aliyewahi kusema "mvua ikitanyesha". Kiswahili, sawa na Kiingereza, hakiweki wakati ujao katika sharti. Kinauweka katika tokeo peke yake.

Basi dawa ni rahisi. Kabla hujaandika "if", igeuze "kama" iwe -ki- kichwani mwako. Ikikubali, usiweke "will" upande huo. "Nikimwona nitamwambia" itakupa "If I see him, I will tell him", nawe utapita salama.

Kuna -ki- nyingine iliyo jirani, ile ya mambo yatokeayo daima. "Maji yakipashwa moto huchemka." Hapa tokeo halichukui -ta-, linachukua hu-, na Mwingereza naye huacha "will" kabisa: "If you heat water, it boils." Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba maji ya Mombasa yatachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini ya hapa Meru, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Githeri ya huku huchelewa kuiva kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu wa mpishi. Sheria za maumbile husemwa kwa -ki- na hu-.

Jihadhari tu na -ki- isiyo ya masharti. "Nilimkuta akila" haina sharti lolote ndani yake. Ni vitendo viwili vilivyokutana, na huwezi kuitia "if".

Nikipata nitakulipa

Nimesema kwamba -ki- inatusaidia. Lakini ina ujanja wake, na ujanja huo unawajua vizuri wafanyabiashara wa soko la Gakoromone. Mteja anachukua viazi kwa deni na kusema:

"Mama, nikipata pesa nitakulipa."

Mama mwenye viazi, ikiwa anaijua lugha, atamwuliza:

"Ukipata, ama utakapopata?"

Lo! Swali hilo lina uzito. Maana "nikipata" yaweza kuwa "if I get" na yaweza kuwa "when I get". Mwenye deni amejiachia mlango wa nyuma. Pesa zisipopatikana, hajavunja ahadi, kwani alisema "nikipata"! Lakini akisema "nitakapopata pesa nitakulipa", amekiri kwamba pesa zitakuja, ila siku yake haijajulikana. Kirejeshi -po- kinafunga ule mlango ambao -ki- imeuacha wazi.

Mwingereza hana nafasi hiyo ya kujificha. Lazima achague "if" au "when", na ukichagua vibaya utaeleweka vibaya. Mwanafunzi anayeandika "When I pass my examination I will join university" anajiamini. Anayeandika "If I pass" ana wasiwasi kidogo. Na yule anayeandikia wazazi "If schools close I will come home" atawafanya wadhani kuna shule zisizofungwa! Shule hufungwa, kwa hiyo hapo ni "when". Ukiona -ki- katika Kiswahili chako, jiulize kwanza: jambo hili lina shaka, au linangojewa tu?

Mapacha wanaotudanganya

Sasa tuingie penye mtego wenyewe. Katika -ki- vishazi viwili havifanani: sharti lina -ki- na tokeo lina -ta-. Lakini katika -nge- na -ngali-, Kiswahili huvalisha vishazi vyote viwili nguo moja kama mapacha. "Ningekuwa na pesa ningenunua kamusi." "Ningalijua ningalikuja." Kanuni tunayofundishwa ni kwamba -nge- hufuatwa na -nge-, na -ngali- hufuatwa na -ngali-. Ni kanuni nzuri, nayo ni tamu sikioni.

Kiingereza hakina mapacha. "Would" hukaa upande wa tokeo tu. Upande wa "if" hukaa wakati uliopita, hatua moja nyuma au mbili. Kwa hiyo mwanafunzi anayesikia -ngali- mbili na kuandika "would have" mbili anafanya kile ambacho lugha yake imemfunza kufanya. Masikio yake yanadai pacha wa pili. Na hilo ndilo linalofanya kosa hili lisife: haliumizi sikio la Mwafrika Mashariki hata kidogo. Utalisikia redioni na katika hotuba za mazishi. Kukariri kanuni peke yake hakutoshi, sharti ujue jirani yako anatoka wapi.

Natumia njia hii, nawe uijaribu. Andika Kiswahili chako kwanza. Kisha uliza, ni kishazi kipi kinachoweza kuanza na "kama"? Hicho ndicho cha sharti. Kinyang'anye "would". Ikiwa kilikuwa na -nge-, kipe kitenzi cha wakati uliopita. Ikiwa kilikuwa na -ngali-, kipe "had" na lile umbo la tatu la kitenzi, lile tulilokariri shule ya msingi: go, went, gone. Kishazi cha pili kibaki na "would" au "would have" yake.

Tujaribu na mfano mkubwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, siku iliyokuwa ikiitwa Sikukuu ya Kenyatta, Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9 na kumwacha Mmarekani Jim Ryun mbali nyuma. Husimuliwa kwamba siku hiyo gari lililompeleka uwanjani lilikwama katika msongamano. Keino, ambaye alikuwa anaumwa na nyongo, aliteremka akakimbia hadi uwanjani. Basi sisi tutasema: "Keino angalibaki garini, angalikosa mbio." Kishazi cha sharti ni "angalibaki". Kinyang'anye "would", kipe "had": "If Keino had stayed in the bus, he would have missed the race." Umeona? Jambo lenyewe halikutokea. Hakubaki, wala hakukosa. -ngali- daima hutuambia kwamba ukweli ulikuwa kinyume.

Au mchukue Field Marshal Musa Mwariama, mpiganaji wa Mau Mau wa kutoka Meru kwetu, ambaye Waingereza hawakuwahi kumkamata. Alitoka msituni uhuru ulipopatikana mwaka 1963. "Mwariama angalikamatwa, huenda asingaliuona uhuru." Historia yote imejaa -ngali-, na mwanafunzi wa historia asiyeimudu hawezi kueleza sababu za jambo lolote. Kusema kwamba A ilisababisha B ni kusema kwamba bila A, B isingalitokea.

Kiingereza cha vitabuni kina ufundi mmoja utakaowafurahisha Waswahili. Aweza kuiondoa "if" na kukipeleka kitenzi mbele: "Had Keino stayed in the bus..." Hapo "if" haipo na sharti lipo, sawa na sisi tunavyosema "angalibaki" bila "kama". Kumbe hata wao wanajua kwamba si lazima! Ndiyo maana walimu wakali wa Kiswahili huikata "kama" katika "kama ningejua". Wanasema -nge- imeshabeba sharti, ya nini kumpa punda mzigo ule ule mara mbili? Kwa maoni yangu, katika mazungumzo "kama ningejua" haina madhara, na watu hawataiacha. Katika karatasi ya mtihani iondoe.

Kuna pia "laiti", neno la majuto. "Laiti ningalijua!" ni kilio kilichokamilika, hakidai tokeo. Kiingereza chake ni "If only I had known!" Hapo tena ni "had", si "would have".

Na lile la kila siku, "Ingekuwa mimi, ningekataa"? Mwingereza hupenda kusema, "If I were you, I would refuse." Watu hushangaa kwa nini "I were" na si "I was". Hilo ni baki la umbo la zamani la Kiingereza lililotumiwa kwa mambo yasiyo kweli, nalo limebaki kama mzee mmoja aliyesalia katika rika lake. Mheshimu, umtumie alivyo.

Kanuni na akili zinapogombana

Hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya walimu wasilipende. Tazama hii: "Ningalilala mapema jana, nisingekuwa na usingizi sasa." Sharti ni la jana, limefungwa, linataka -ngali-. Tokeo ni la sasa hivi, macho yanafumba, linataka -nge-. Akili inasema sentensi hii ni sahihi. Kanuni ya mapacha inasema ni kosa. Kiingereza nacho huikubali bila wasiwasi: "If I had slept early, I would not be sleepy now."

Tufanyeje? Kanuni ya mapacha imewekwa ili wanafunzi wasichanganye ovyo, maana kuna wanaoandika "ningejua ningalikuja" bila sababu yoyote, na hao wakatwe tu. Lakini mwenye kuchanganya kwa sababu, jana na sasa, mimi namwona anaijua lugha kuliko yule anayefuata kanuni bila kufikiri. Mitaani, kwa kweli, mgogoro huu haupo, kwa sababu wasemaji wengi, bara na pwani, wameiacha -ngali- na kutumia -nge- kwa yote: "Ningejua jana nisingekuja." Husikika hata kwa wazawa wa lugha. Mtahini lakini hakai mtaani. Katika karatasi ya pili ya KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha imebeba alama 40 kati ya 80. Ni nyingi mno kuzihatarisha kwa mabishano ambayo hutakuwapo chumbani kuyatetea. Fuata kanuni. Na ikiwa wazo lako linataka jana na sasa kwa pamoja, likimbize kwa njia nyingine: "Nina usingizi kwa sababu sikulala mapema jana."

Nikipewa au ningepewa?

Sasa fikiria mwanafunzi anayeiandikia kamati ya basari. Karo ya muhula haijalipwa na barua hii ndiyo tegemeo. Anaandika, "Ningepewa msaada huu, ningesoma kwa bidii." Sarufi yake haina doa. Lakini soma tena. -nge- imemwambia mwanakamati kwamba mwombaji mwenyewe haamini atapewa. Amekwishakata tamaa kabla barua haijafika. Angeandika "Nikipewa msaada huu, nitasoma kwa bidii", mlango ungekuwa wazi na yeye amesimama mbele yake. Kiingereza kina tofauti hiyo hiyo: "If I were given" ni ya mbali, "If I am given" ni ya karibu.

Si kwamba -nge- ni mbaya katika maombi. Unapomwomba mtu mzima, umbali hugeuka kuwa adabu. "Ningependa kukuuliza, mwalimu" ni ya heshima kuliko "nataka kukuuliza", kama ilivyo "I would like" mbele ya "I want". Umbali ule ule unaokatisha tamaa katika barua ya basari unakuwa upole mbele ya mkubwa.

Ukanushaji

Hapa nitapita mbio. -ki- haikanushwi kwa ha-. Hugeuka kuwa -sipo-: "akija" huwa "asipokuja". Angalia ile ku- ilivyorudi. Vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja huiacha ku- katika -ki- (akila, akija, akifa) na kuirudisha katika -sipo-, -nge- na -ngali- (asipokula, angekula, angalikula). Anayeandika "akikula" amechanganya hizi mbili.

-nge- ina njia mbili za kukana. Wengi wetu Wakenya husema "hangekuja", na majirani zetu wa Tanzania husema zaidi "asingekuja". Utazikuta zote vitabuni. Mimi hupendelea ya pili kwa sababu inapendeza kuitamka, lakini hiyo ni shauri la ladha.

Neno ambalo Waingereza wametufanyia hisani kwalo ni "unless", yaani -sipo- nzima katika neno moja. "Usiposoma, utaanguka" ni "Unless you read, you will fail." Ukana umeshaingia ndani ya "unless", kwa hiyo anayeandika "unless you don't read" amekana mara mbili na kusema kwamba wasomao ndio watakaoanguka! Hapo hata mapacha hawawezi kulaumiwa.

Jambo moja la kufurahisha. Zihesabu methali zenye masharti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiona vyaelea vimeundwa. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Karibu zote zina -ki- au -sipo-. Methali ya -ngali- ni adimu. Wahenga walituonya wakati mlango ukiwa bado wazi, maana onyo la baada ya ukuta kuanguka halina kazi.

Zoezi

Zigeuze sentensi hizi ziwe Kiingereza, kisha umpelekee mwalimu wako wa Kiingereza, si wa Kiswahili, azisahihishe: Matatu ya Nkubu ikichelewa, tutatembea. Ningekuwa na mabawa, ningeruka juu ya Mlima Kenya. Usiponirudishia kitabu, sitakuazima kingine. Tungalicheza vizuri, tusingalifungwa. Laiti angalinisikiliza! Na ya mwisho, kwa wale wa kidato cha nne, ina mtego wa -ki- na mtego wa -po- ndani yake: Atakapofika nyumbani, nyanya akimwuliza aliko ndugu yake, atasema nini?